Tunaye Asumini wa Kiranjeranje

Ninyi mnaoanza kazi mwaka huu, na fulana zenu mpya na simu zenu mkononi, naanza na hili: msimuulize mtoto kama amepotea. Atakukatalia. Yeye yupo pale pale aliposimama, miguu yake anaiona. Kwa akili yake aliyepotea ni mama. Muulize, "Mama yako kapotea?" uone uso unavyobadilika na maneno yanavyoanza kutoka.

Mimi ni Bi Siwema. Banda la watoto kwenye viwanja vya pembea hapa Kilwa Masoko nimelisimamia miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, sikukuu zote mbili za Idi, Saba Saba, na wiki za kufunga shule. Nilianza kama mkata tiketi wa farasi wa kuzunguka, enzi zile farasi ni wa mbao na wanasukumwa na wanaume wawili wenye vifua kama milango. Baadaye ikaja injini, likaja treni dogo, na mwisho likaja lile kasri la mpira linalojazwa upepo, watoto wanaruka ndani mpaka wanatapika ubuyu. Kila mtambo ulioongezeka uliongeza watu, na watu walipoongezeka watoto nao walizidi kupotea. Familia inatoka Pande au Nangurukuru, watu tisa ndani ya gari moja, wakishafika uwanjani hakuna tena wa kuhesabu vichwa tisa. Baba anajua mtoto yuko na mama, mama anajua yuko na shangazi, shangazi yuko kwenye foleni ya mishikaki hajui hata kama ana mtoto wa kuangalia.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Tatu, Mungu amrehemu. Mwanamke mfupi, mnene, hana haraka ya jambo lolote. Banda letu wakati huo ni turubai, mkeka, mtungi wa maji, na kamba iliyofungwa kuzunguka vigingi vinne. Kipaza sauti kilikuwa kile cha kushika mkononi, ukikipuliza vibaya kinalia kama mbuzi. Siku yangu ya kwanza nilimpa mtoto aliyekuwa analia pipi. Bi Tatu akaniangalia tu. Baadaye akaniambia, sasa kaa umsubiri amalize, maana umemziba mdomo mwenyewe. Toka siku ile maji kwanza, maneno pili, pipi wakati mama amekwishapatikana.

Akanifundisha pia kukaa chini kuliko mtoto. Si kuinama, kukaa. Ukimwinamia unakuwa mti unaotaka kumwangukia. Ukikaa mkekani, yeye ndiye mrefu, ataongea. Na angalia miguu. Vumbi jekundu, katoka bara huko kwenye mikorosho. Mchanga mweupe kwenye vidole, katoka pwani, tena ametembea asubuhi hii hii. Siku hizi mnaandika namba za simu kwenye mkono wa mtoto, na ni jambo zuri sana, ila msitumie kalamu ya kawaida. Jasho la uwanja ule linafuta namba mbili za mwisho kabla ya adhuhuri, halafu mnaanza kupigia watu wa Songea.

Kuuliza ni ufundi. Mtoto wa miaka minne hajui mama yake anaitwa nani, mama ni Mama. Nilijiona mjanja siku moja, nikamuuliza kijana mmoja mdogo, "Baba akimwita mama, anamwitaje?" Akafikiri sana. Akasema, "Anamwita Sikia." Nikachukua kipaza sauti, nikatangaza kwamba mama anayeitwa Sikia anaombwa afike kwenye banda. Walikuja wanawake wasiopungua kumi, wengine wanacheka, wengine hawacheki. Mama wa kijana yule alikuwemo.

Lakini kosa lililonifunza kuliko yote ni la gauni la njano. Nilikuwa nina msimu mmoja tu kazini. Nikapata mtoto, nikatangaza kila kitu: msichana, kama miaka mitatu, gauni la njano lenye maua kifuani, viatu vyeupe, ana hina. Nilidhani ndiyo kazi. Kumbe mwaka ule maduka ya Masoko yalileta magauni ya njano ya aina moja, na nusu ya watoto uwanjani walikuwa wameyavaa. Akaja mwanamke analia, akamkumbatia mtoto, akambeba mgongoni, huyo. Hakumtazama usoni hata mara moja, na mtoto naye alikuwa na lambalamba yake mkononi, hana shida na mtu. Walifika getini ndipo mama alipogeuza shingo akaona si wake. Akamrudisha mbio. Wa kwake tulimpata baadaye amelala chini ya meza ya muuza miwani.

Bi Tatu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ukishatangaza kila kitu, umebakiwa na nini cha kumuuliza anayekuja?" Tangu hapo natangaza jina na mahali, basi. Nguo sizitaji. Na kwenye mwili wa mtoto natafuta kitu kimoja nisichokisema kwa mtu, nakiweka moyoni. Ninyi mnaotuma picha za watoto kwenye makundi ya simu, hilo lifikirieni. Picha imesema yote.

Sasa niwaambie habari ya Asumini, maana hata sheria hiyo siku ile haikunitosha.

Ilikuwa Idi Pili, saa saba mchana, joto la kuyeyusha soli. Mkata tiketi wa farasi aliniletea msichana wa miaka sita hivi. Alisema amemkuta amesimama mbele ya farasi muda mrefu, peke yake, halii. Nikakaa mkekani. Akanisalimia vizuri, shikamoo bibi, nikaitika. Halafu akaniambia kwamba farasi wapo kumi na wawili, lakini mmoja hana sikio.

Nikageuka kutazama. Kweli, mmoja hana sikio. Nilikuwa na farasi wale miaka yote ile na sikuwahi kuona.

Nikamuuliza kama mama yake kapotea. Akasema ndiyo, alikuwa kwenye foleni ya kasri na mdogo wake mgongoni, halafu hakuwepo. Jina lake Asumini Hamisi, nyumbani kwao Kiranjeranje. Watoto wa umri ule wanaojua jina la kijiji chao ni wachache, nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema ni mama, alimfundisha asubuhi ndani ya gari na kumrudishia mara tatu. Miguu yake ilikuwa na vumbi na mchuzi wa kitu sikijui, nikamnawisha, na nilipokuwa namnawisha nikaona nyuma ya goti la kushoto doa jeusi la kuzaliwa, kubwa kama punje ya kunde. Nikaliweka moyoni.

Nikatangaza, "Tunaye Asumini wa Kiranjeranje. Mwenye mtoto afike kwenye banda la turubai, karibu na farasi." Wakati huo tulishapata spika kubwa mbili juu ya nguzo. Nikasema mara mbili, nikasubiri. Upande wa kasri kulikuwa na jenereta, na aliyesimama pale hata radi haisikii. Nilijua inaweza kuchukua muda.

Hazikupita dakika tano akaja mwanamke. Amefunga kanga kiunoni, mikono imelowa, ananukia mabungo. Akasimama kwenye kamba. Hilo likanishangaza. Mama aliyepotelewa na mtoto hasimami kwenye kamba, anapita juu yake, kama ni kung'oa vigingi anang'oa. Huyu alisimama, akamtazama yule mtoto muda mrefu, na mtoto alikuwa amempa mgongo, gauni limeshuka kupita magoti, anahesabu farasi upya.

"Yule ni mwanangu," akaniambia, kwa sauti ya chini.

Nikamuuliza ana alama gani.

"Nyuma ya goti la kushoto ana doa. Lilikuwa dogo kama chembe ya mtama. Sasa sijui likoje."

Jibu lilikuwa sahihi, lakini yale maneno ya mwisho yakanishika. Mama anayemwogesha mtoto kila siku hasemi sijui likoje. Nikamwita Asumini, nikamuuliza kama anamjua mama huyu.

"Namjua," akasema. "Ni mama wa juisi. Asubuhi alinipa kikombe kikubwa."

Yule mwanamke akakaa chini, pale pale nje ya kamba, kwenye mchanga. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Nimempa juisi. Nimempa juisi kwa mkono wangu, na sikumjua."

Nikampa maji. Mtoto nikampeleka upande wa pili wa mkeka na kopo la vifuniko vya soda ahesabu, kisha nikamsikiliza mwanamke. Aliitwa Mwanaisha, kwao Kivinje. Aliolewa Kiranjeranje, akamzaa Asumini, na baada ya uzazi akaumwa miezi mingi, mpaka wakamrudisha kwao akatibiwe. Akiwa huko ikamfikia talaka. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka na nusu, akabaki kwa bibi yake mzaa baba. Mwanaisha alipopata nguvu alikwenda Kiranjeranje mara mbili. Mara zote aliambiwa mtoto kasafiri, na mara ya pili Hamisi mwenyewe, baba wa mtoto, alimwambia mtoto sasa ana mama mwingine, asije akamvuruga. Akaacha kwenda. Juisi ya mabungo anauza kwenye viwanja vyote vya sikukuu. Alikuwa anamimina vikombe aliposikia jina, na majina ya Asumini wa Kiranjeranje hayako mengi. Ndoo zake aliziacha zimefunuka.

Halafu akaniomba. Hakuomba kumchukua. Aliomba ampeleke tu mpaka kwenye farasi, wapande mara moja, amrudishe.

Wajukuu zangu, nilitaka kumpa. Sijui kama mmewahi kutaka kitu mpaka mkono wenyewe unasogea. Lakini Bi Tatu aliniachia neno moja ambalo sijawahi kulivunja: aliyekuja na mtoto uwanjani ndiye anayekabidhiwa, na mengine wakayamalize kwao. Kama kila mwenye haki anayefika kwenye kamba anapewa, basi lile si banda tena, ni mahakama, na mimi si kadhi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba hakuna sheria inayomkataza kukaa mkekani kwangu mpaka waliomleta wafike, ila asimwambie mtoto yeye ni nani. Neno hilo si la kuambiwa na mtu usiyemjua katikati ya makelele, halafu ukapakiwa kwenye gari.

Akafikiri. Akasema, "Nitakaa. Hata kama ni mama wa juisi."

Akavua ndala, akaingia. Nami nikajifanya napanga makopo.

Mtoto yule alikuwa na maswali. Kwa nini mikono yako ya njano? Bungo likoje ndani? Kokwa zake mnazitoa vipi, na mkizitoa mnazitupa wapi, na zikitupwa zinaota? Mwanaisha alijibu kila moja kwa ukamilifu wake, bila haraka, kama mtu aliyeulizwa na mkuu wa wilaya. Hakumgusa. Mara moja tu, vifuniko vilipobingirika, mikono yao ilikutana juu ya kifuniko kimoja, na yeye ndiye aliyeuondoa wake kwanza. Nikawa nawatazama wanavyoinamisha shingo upande mmoja wakisikiliza, wote wawili upande wa kulia, na nikajiuliza kitu kama hicho mtoto anakipataje kwa mtu ambaye hajakaa naye.

Karibu saa nzima ilipita. Halafu akaja mwingine. Huyu hakusimama. Kigingi kimoja kiling'oka. Alikuwa na ndala mguu mmoja, mtoto mchanga mgongoni, sauti imekauka kwa kuita. Alimshika Asumini kichwa, mabega, mikono, vidole, kama anayehakiki kwamba vyote vimerudi. Na Asumini akamuuliza, "Mama, ulipotelea wapi?"

Huyo alikuwa Rehema, mke wa Hamisi, kwao Rutamba. Nilimuuliza alama, maana sheria ni sheria, akalitaja doa kabla sijamaliza swali, akasema sasa ni kama kunde. Kisha akamwona mwanamke aliyekaa mkekani. Akamtambua kwanza kama muuza juisi. Halafu akamtazama Asumini, akamtazama tena yule, na sikuhitaji kumtambulisha mtu.

"Wewe ni Mwanaisha," akasema.

Mwanaisha akaitikia kwa kichwa.

Nilidhani kutakuwa na ugomvi, nikasogeza mtungi wa maji pembeni. Badala yake Rehema alikaa, akaanza kulia bila sauti. Alisema mume wake yuko msikitini, akitoka anapitia kutafuta gari la kurudi. Safari ya uwanjani ameing'ang'ania yeye Rehema, Hamisi hakutaka, alisema watu ni wengi. Rehema aligeuka mara moja tu kufunga mbeleko. "Si Hamisi ninayemwogopa," akanong'ona, Asumini akiwa amerudi kwenye vifuniko vyake. "Ni ndugu zake. Watasema nimempoteza kwa sababu sikumzaa."

Neno hilo likaanguka mbele ya mtu ambaye angeweza kuliokota. Mwanamke aliyefungiwa mlango mara mbili kwa sababu mtoto ana mama mwingine, sasa huyo mama mwingine anakiri kwa mdomo wake kwamba mtoto alimponyoka. Nilimtazama Mwanaisha, na nawaambia kweli, hofu yangu ilikuwa imechanganyika na hamu ya kuona atafanya nini. Alikuwa anakitazama kile kichanga kilichoamka mgongoni kwa mwenzake.

Hamisi akafika. Mwanamume mwembamba, kanzu yake safi, kofia ameishika mkononi. Akanisalimia shikamoo mama, nikaitika marahaba. Akawaona wake zake, wa zamani na wa sasa, wamekaa kwenye mkeka mmoja na mtoto katikati, mmoja macho mekundu. Akauliza kuna nini hapa.

Rehema alifumbua mdomo. Mwanaisha akamtangulia.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilimwona Asumini, nikamwomba mwenzangu nikae naye kidogo. Amenikubalia. Kama ni kosa, ni la kwangu."

Hamisi akanigeukia mimi. "Ni kweli, mama?"

Sijawahi kusema uongo juu ya mtoto aliyekuwa bandani kwangu, na sikutaka kuanza. Nikamwambia, "Mtoto yuko salama, na hawa wote wawili nimewaona kwa macho yangu wamekaa naye kwa wema." Ilikuwa kweli, kila neno.

Masoko si mji mkubwa na spika zangu zinafika mpaka msikitini. Kama alisikia jina la binti yake likitangazwa, mpaka leo sijui. Hakuuliza zaidi. Alivaa kofia, akaivua, halafu akamwambia Mwanaisha, "Hujambo?" Akajibiwa hajambo. Akasema gari limepatikana, linaondoka saa tisa, kwa hiyo ipo nusu saa. Akaondoka peke yake kwenda kulizuia.

Najua mnataka kusikia yaliyotokea baadaye. Idi iliyofuata walikuja tena, na Rehema alipitia kwangu kwanza kunisalimia, kisha akaniaga kwamba wanakwenda kwenye juisi. Ikawa hivyo kila mwaka. Ndugu za Hamisi walisema, wakachoka. Asumini yuko sekondari sasa, na likizo moja kila mwaka anakaa Kivinje, anasaidia kukamua mabungo. Mimi sikufanya kitu kikubwa. Nilikataa ombi moja, nikakubali jingine, nikasema kweli niliyokuwa nayo. Kazi yenu mara nyingi itakuwa hiyo tu, na siku nyingine hamtajua kama mmepatia mpaka miaka ipite.

Lakini bado iko ile nusu saa.

Walimpandisha Asumini farasi, akachagua yule asiye na sikio. Wanawake wawili wakasimama pembeni, karibu na kamba yangu, nami nimekaa na kopo langu la vifuniko. Kichanga kikalia, Rehema akakishusha, Mwanaisha akanyoosha mikono, akapewa. Mashine iliposimama, Asumini akateremka, akaja anatembea upande upande kwa kizunguzungu.

Ndipo Rehema aliposema, "Dada, kuna kitu ananiuliza kila siku, na mimi sina la kumjibu. Wenzake wanaambiwa na mama zao. Anataka kujua alizaliwa saa ngapi, na siku hiyo kulikuwaje."

Mwanaisha alihema. Akaanza kumwambia kwamba ilikuwa alfajiri, na Rehema akamshika mkono kumkatiza.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Mwanaisha akamrudishia mwenzake kichanga, akachuchumaa kwenye mchanga. Asumini akaja akasimama mbele yake, shingo imelala kulia.

"Kwani ulikuwepo?" akauliza.

"Nilikuwepo," akasema Mwanaisha.